Fundo la Skafu ya Badar

Ukija Chokocho na mtoto wako kavaa sare ya skauti, mpitishe njia ya nyuma. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Ukipita barazani kwa wifi yangu Kazija na skafu ya mtoto imekaa upande, au shati limechomoka kwenye suruali, hutofika unakokwenda. Atainuka pale kwenye cherehani chake, atamvuta mtoto, atamvua skafu na kuikunja upya kwa vidole vyake vilivyojaa alama za sindano. Atamvisha juu ya kola, atapandisha kipete, kile kijipete cha kuibania, mpaka karibu na koo, na ncha mbili atazivuta zining'inie sawasawa. Wewe mzazi utasimama tu hapo. Akimaliza ndiyo atakusalimia.

"Sare si pambo," humwambia mtoto. "Mtu akianguka njiani anatafuta kwa macho nani wa kumwita. Akiiona hii skafu, anaita. Sasa ukiivaa ovyo umemdanganya mtu aliyeanguka."

Wasichana huwaambia skafu ikae juu ya mtandio, isifichwe chini yake. Atakuonesha inavyofungwa kuubeba mkono uliovunjika, inavyozuia damu, zinavyounganishwa kadhaa mpaka mtu atolewe kisimani. Na usimkute mtoto kavaa sare anagombana au anatukana. Hapo hata mimi humwonea huruma yule mtoto.

Hayo watu wameyazoea. Wasichokizoea ni asubuhi. Kila asubuhi Kazija, mwanamke mtu mzima na baibui lake, hujivisha skafu moja kuukuu ya kijani iliyopauka, ncha yake moja ina fundo, akashika ndoo akatoka. Leo humtekea maji mzazi aliyejifungua, kesho mgonjwa, keshokutwa mzee asiyejiweza. Akirudi, fundo halipo. Wageni humcheka wakidhani kichwa hakimkai sawa. Wenyeji hawamcheki, ila wengine huvuka upande wa pili wa njia.

Mimi ni Mwanakhamis, dada wa marehemu mumewe. Kwa ulimi wangu sina sifa nzuri kijijini hapa, na wala sijali. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu, na huko mitaani wanalisimulia ovyo, kila mtu anatia chumvi yake, nami limenichosha.

Kaka yangu Vuai alimwoa Kazija, akafariki mtoto wao hajajua hata kutembea. Mtoto huyo ndiye Badar. Kazija hakuolewa tena. Alikaa na cherehani chake na mwanawe, akishona sare za skuli, na mimi nyumba ya pili nikimsaidia kupiga pasi na kutia vifungo.

Skauti zamani walikuwapo huku, kabla ya Mapinduzi. Halafu wakafutwa, ikapita miaka na miaka, waliokuwa skauti wakazeeka wakafa na sare zao zikawa matambara. Kwa hiyo waliporudi, sisi hatukujua lolote. Mwalimu Abrahman, aliyeletwa skuli ya hapa kufundisha, ndiye aliyewaanzisha. Alikuja barazani na shati moja la mfano, la kaki, mifuko miwili kifuani na vitambaa vya mabegani, akamwomba Kazija ashone mengine. Badar akalitazama lile shati kama mtu aliyeletewa habari njema. Kabla mwalimu hajaondoka alikuwa keshaandikishwa.

Basi ikawa hatulali kwa skauti. Mtoto alijifunza kupiga pasi mwenyewe, akaamka alfajiri kufua soksi. Siku moja alimpa mjomba wake Masika mkono wa kushoto, maana ndivyo skauti wanavyosalimiana, akala kofi lililosikika mpaka kwangu. Mkono wa kushoto, jamani, kwa mjomba mtu. Badar hakulia. Alisema, "Samahani mjomba, niliusahau ule wa watu wengine." Tulicheka sana siku hiyo. Hata Masika alicheka, ingawa alijitia kununa.

Mambo mawili tuliyaona na hatukuyauliza. La kwanza, wenziwe walikuwa na vipete vya ngozi, yeye siku moja akarudi na kipete cha ukili, kimesukwa kwa ukindu mwembamba kabisa, cheusi na chekundu. Mama yake alidhani kapewa skuli. La pili, kila asubuhi alitoka mapema kuliko wenziwe, na suruali yake ikarudi na matope kwenye upindo. Kazija alimgombeza kwa yale matope. Mtoto alikuwa akiinamisha kichwa tu.

Asubuhi aliyougua alikuwa keshavaa. Alifika mlangoni, akashika kizingiti, akakaa chini taratibu. Mwili wote moto. Tulimpakia kwenye gari ya jirani mpaka hospitali Chake Chake, na sare yake mwilini. Huko alikuwa hatambui mtu. Neno lake lilikuwa moja tu, "Maji. Mama, maji." Kazija akimpa kikombe anakisukuma. Akimpa kijiko anageuza uso. "Maji, mama." Huku vidole vyake vinatafuta kitu shingoni, pale ambapo skafu ingekuwapo, maana walikwisha kumvua. Alikwenda hivyo hivyo, anaomba maji na anayakataa. Sijapata kuona kitu kilichonitesa kama kile, na mimi nimezika wengi.

Kwa desturi yetu nguo za maiti hutolewa sadaka. Kazija alizitoa zote isipokuwa sare. Aliifua, akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani, skafu juu yake. Watu walisema. Alisema nao. Mwishowe wakanyamaza.

Halafu fundo likaanza.

Asubuhi moja aliniita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo maana nilikwenda bila haraka. Akanionesha ncha ya skafu. Ina fundo, dogo, limekazwa barabara.

"Umelifunga wewe wifi?" akaniuliza.

"Nilifunge nina kazi gani nalo?"

Akalifungua, akainyoosha skafu kwa pasi. Kesho yake lipo tena, ncha ile ile. Na suruali, ambayo haikushuka kwenye msumari, upindo wake ulikuwa umelowa, na jani moja la nyasi limeganda kitambaani. Niliupapasa kwa mkono wangu. Ulikuwa baridi na una mchanga.

Mimi si mtu wa kuamini kila upuuzi. Nilisema kuna mtu anamfanyia inda. Nikaichukua ile skafu, nikaitia ndani ya sanduku langu, nikafunga kwa ufunguo, ufunguo nikaufunga kwenye pembe ya kanga niliyojifunga. Asubuhi nilifungua sanduku mbele ya Kazija. Skafu ilikuwa pale pale, imekunjwa kama nilivyoikunja, na ncha ina fundo. Nilirudi nyuma nikakaa kitandani.

Sasa elewa, kwetu fundo si kitu cha mchezo. Kila mtoto wa chuo cha Kurani anasoma ile sura ya kujikinga na shari ya wanaopuliza mafundoni. Mtu akifa ghafla, kisha nguo yake inaonekana na fundo, hakuna anayeuliza mara mbili. Na wakati huo Mwalimu Abrahman alikuwa keshahamishiwa Unguja, skauti hawakutani tena. Watoto waliokuwa skauti pamoja na Badar wangetuambia neno moja likatosha. Hakuna aliyewauliza. Nani anauliza watoto?

Jina likaja lenyewe, kama kawaida. Bi Ghania.

Bi Ghania binti Amur alikaa peke yake ng'ambo ya migomba, karibu na kisima cha zamani. Jamaa zake walikuwa watu wenye mashamba. Baada ya Mapinduzi waliondoka mmoja mmoja kwenda Arabuni, yeye akabaki. Mume alikufa, watoto walikufa wadogo, kisha macho yakapofuka. Mtu akipatwa na mambo hayo kwetu, badala ya kupewa pole hupewa sifa. Wakasema amewala. Wakasema macho ameyatoa kwa alichopewa. Watoto walikatazwa kupita kwake, na Kazija alimkataza Badar kwa kiapo.

Masika alipoletewa kile kipete cha ukili akakigeuzageuza. "Hiki kimesukwa na yule kizee," alisema. "Hakuna mwengine anayesuka hivi. Hii ni hirizi, dada. Mtoto alivishwa shingoni, nawe unaona."

Kazija alikipokea. Alikitazama kile kipete kwa muda mrefu sana, na mimi nikaona uso wake unabadilika. Tangu msiba alikuwa kama mtu aliyepotelewa na njia. Sasa alikuwa na pa kwenda, na palinitisha mimi.

Masika na vijana wenziwe wakapanga. Ijumaa, Kazija aseme mbele ya watu, watu wakisikia kwa mama mwenyewe hakuna atakayezuia. Wataibomoa ile nyumba na kizee kitoke Chokocho. Kitoke kiende wapi, hakuna aliyesema. Kipofu, hana ndugu. Mimi niliuliza, nikaambiwa nikae kimya, jambo ambalo siliwezi.

Ijumaa asubuhi Kazija alichukua ile skafu na fundo lake, akaikunja mkononi.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza.

"Kumtazama usoni kwanza. Nataka aniambie kamfanya nini mwanangu. Kisha Masika afanye atakalo."

Nilimfuata, nikiogopa asimwue yeye mwenyewe. Masika na wenziwe walikuwa wamekaa njia panda, wanangoja. Walitupisha. Baada ya hapo ni migomba tu, na pale ndani palikuwa kimya, hata ndege sikumsikia. Njia ilikuwa na umande. Nilitazama chini, nikaona nyasi zimelala katikati ya njia, zimekanyagwa asubuhi ile ile, na sisi ndio tulikuwa wa kwanza kupita. Sikumwambia Kazija. Nilikamata baibui lake kwa nyuma nikatembea hivyo, mtu mzima mimi.

Bi Ghania alikuwa mlangoni kwake, amekaa juu ya kipande cha mkeka, anasuka ukili. Mweusi na mwekundu. Kazija aliuona, nikamsikia anavyovuta pumzi. Kabla hatujapiga hodi, kizee kikainua uso.

"Leo umechelewa mwanangu," akasema. Kisha akatega sikio. "Ah. Si yeye. N'nani?"

Kazija alikuwa anautazama ule ukili tu. Ikabidi niseme mimi. "Ni sisi, Bi Ghania. Shikamoo. Mwanakhamis, na huyu ni Kazija, fundi cherehani."

"Marahaba. Kazija." Alilirudia jina polepole. "Basi weye ndiye mama yake. Karibu. Nilikuwa najiuliza lini utakuja. Kaa. Ntoto wako nimemkosea nini?"

"Umkosee nini?" Kazija alisema.

"Hataki tena kusema na mimi. Zamani akija alikuwa hanyamazi, mara mwalimu kasema hivi, mara tumefundishwa hivi. Siku hizi anakuja, anasimama hapo hapo uliposimama weye. Namsikia anavyopumua. Namwambia, ndoo iko pale pale baba, haikuhama. Haigusi. Anasimama tu, mpaka jua likianza kuchoma ndiyo anaondoka. Hata leo alikuja."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Kazija. Niliondoka pale, nikasogea pembeni.

Kazija aliuliza, "Alikuwa akija kufanya nini?"

"Kunitekea maji. Mimi kisima nakisikia harufu lakini sikioni, nilitumbukia mara moja, nikaokoka kwa rehema za Mungu. Yeye alinijazia ndoo na mtungi kila siku kabla ya skuli. Nikamwuliza, nani kakutuma? Akasema hakutumwa, ni sare. Akanipa nishike skafu yake. Alisema skauti akiamka anafunga fundo kwenye ncha, ili asisahau. Lazima afanye jema moja siku hiyo. Akishalifanya, ndiyo fundo linafunguliwa, na wema wenyewe hautangazwi. Basi akimaliza kutia maji alikuwa akinipa ile ncha, nalifungua mimi kwa mkono wangu. Tukicheka. Nami sikuwa na cha kumpa. Nikamsukia kipete."

Hakuna aliyemwambia. Ndicho nilichokifahamu pale, na nikaona haya hata kwa mtu asiyeniona. Kijiji kizima kilizika, kikasoma hitima, kikala pilau, kikampangia Bi Ghania hukumu, na hakuna hata mtu mmoja aliyefika kwenye mlango ule kumwambia kwamba Badar amekufa.

Kazija alikuwa anautazama mtungi. Ulikuwa umepinduliwa, mkavu, umefanya ufa mdogo mdomoni. Chini ya mchirizi wa bati palikuwa na sufuria na maji kidogo ya mvua, yana majani.

"Unakunywa hayo?" akauliza.

"Mvua ikinyesha," alisema Bi Ghania.

Kazija alikaa chini ghafla, kama alivyokaa mwanawe siku ile mlangoni. Aliifunika midomo kwa ile skafu. Nilimsikia akisema mle ndani ya kitambaa, "Maji. Mama, maji." Akalirudia tena na tena. Nilijua tumerudi Chake Chake, kando ya kile kitanda, na kikombe kinasukumwa. Hakuwa na kiu yule mtoto. Alikuwa anamtuma mama yake.

Nilitaka kumshika, hakushikika. Aliinuka, akafuta uso. Skafu akaivaa shingoni, hivyo hivyo juu ya baibui, akatoa kile kipete cha ukili kwenye pindo la kanga alimokificha kama ushahidi, akakitia, akakipandisha mpaka kooni. Akachukua ndoo.

Ndoo ya Bi Ghania ilikuwa imetoboka, na kamba ya kisima ilikuwa imeoza. Ikabidi arudi njia panda kuazima kwenye nyumba ya kwanza. Masika na vijana walisimama walipomwona, mmoja ana panga, mwengine ana mtaimbo.

"Vipi dada?" Masika akauliza. "Tuje sasa?"

Kazija alimpita. Alipokwisha kupata ndoo na kamba akageuka. "Njooni kesho," alisema. "Kila mtu aje na ndoo yake."

Masika aliitazama ile skafu shingoni mwa dada yake, na kipete, kisha akanitazama mimi. Nilimwambia akae chini, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinitii.

Kisimani mimi sikusogea sana. Nilimwona Kazija anateremsha kamba, anavuta, anateremsha. Maji yalimwagika kwenye njia, upindo wa baibui lake ukaingia matope, matope yale yale aliyokuwa akimgombeza mtoto wake kwayo. Aliuosha mtungi, akautia maji taratibu mpaka yakafika kwenye ufa. Akajaza na ndoo, akaisogeza karibu na mkono wa Bi Ghania ili asiitafute. Bi Ghania alikuwa ameacha kusuka, amekaza shingo, anasikiliza kitu.

Kazija alipiga magoti mbele yake, akampa ncha ya skafu. Vile vidole vikavu vikalipapasa fundo, vikalijua, vikaanza kulifungua pole pole.

Lilipoachia, kizee kilitabasamu, na uso wake hakuuelekeza kwa Kazija. Aliuelekeza kando yake, chini kidogo, kwenye kimo cha mtoto.

"Leo mmekuja wawili," akasema.